Msumari Mmoja kwa Kila Rais

Neema, wewe na wenzako pale karakana mmenisumbua mwezi mzima niandike. Haya, naandika. Magoti yananiuma, miwani imelegea, na mjukuu wangu ameondoka na kalamu nzuri, kwa hiyo msitegemee mwandiko. Nilipanda cheo lini na kwa barua ipi, hayo mtayakuta kwenye faili langu kama mchwa hawajalifikia. Mimi nitawaeleza kazi. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilitengeneza fremu za picha ya Rais, nikazitundika kwenye ofisi za serikali kuanzia hapa Dodoma mjini mpaka Kolo, na muda wa mwenye picha ulipokwisha nikarudi kuzishusha. Watu walidhani kazi yangu ni kutundika. Kutundika kila mtu anaweza, hata mhasibu.

Siku ya kwanza nilifika na cheti changu cha useremala kwenye bahasha. Karakana ilikuwa palepale ilipo leo, nyuma ya ofisi, bati juu na vumbi chini. Ndani alikuwepo mzee mmoja anaranda mbao. Ndiye Mzee Ndahani, fundi mkuu, Mgogo wa upande wa Mvumi, ambaye kila asubuhi aliingia akisema "Mbukwenyi" kwa kila aliyemo, na kama hakuna mtu, aliziamkia mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Birika liko kule pembeni, majani ya chai yako kwenye kopo."

"Mzee, mimi ni fundi. Naitwa Hadija."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Akanipa nyundo na msumari mmoja wa inchi mbili. Akanitoa nje, ukuta wa nyuma, akasema piga. Nikapiga vizuri tu, nikamgeukia nikisubiri kusifiwa. "Sasa ung'oe," akasema. Nikaung'oa, na plasta ikaja nayo, kipande cha ukubwa wa kiganja. "Rudia." Siku nzima nilipiga na kung'oa. Jioni ukuta ule ulikuwa na ndui, na mimi nilikuwa na malengelenge mikono yote miwili na hasira ya kumpiga mtu.

Ilinichukua wiki mbili kuelewa alichotaka. Msumari unaupaka sabuni ya mche kwenye ncha. Unaupiga ukiwa umelalia chini kidogo kwa nyuma, si moja kwa moja. Na kabla hujaupiga unajiuliza utatokaje. Mzee alikuwa na masharti matatu tu: msumari mmoja, kamba moja, na fremu zote saizi moja. Hakuna skrubu, hakuna gundi, hakuna fremu kubwa kwa mkubwa na ndogo kwa mdogo.

"Huyu ana miaka mitano," aliniambia, akionyesha picha kwa patasi. "Akirudishwa, anapata mitano mingine. Halafu mimi na wewe tunakuja hapa hapa kumshusha. Ukuta si wake. Ukuta ni wa serikali."

Katiba yote hakuijua, wala hakujifanya anaijua. Alijua hicho kifungu kimoja cha mihula miwili, na mengine alisema tuwaulize wanasheria, ndiyo kazi yao.

Habari ya saizi nayo ina sababu yake. Mnajua vumbi letu. Ukuta wa Dodoma ukipakwa rangi nyeupe leo, baada ya miaka michache ni wa udongo. Lakini nyuma ya picha vumbi halifiki. Ukiishusha, kinabaki kipande cheupe chenye pembe nne, na kila anayeingia ofisini anakiona kabla hajamwona bosi. Picha mpya ikiwa saizi ileile, inakifunika kile kipande sawasawa na hakuna anayejua kwamba jana palikuwa na mwingine. Ikiwa ndogo, ule weupe wa mtangulizi unachungulia pande zote.

Mabadiliko ya kwanza niliyofanya na Mzee yalitupeleka mpaka Kolo, tumepanda gari la ofisi, fremu tumezilaza kwenye magodoro. Watalii wanakwenda kule kutazama michoro ya kwenye miamba, sisi tulikuwa na picha zetu. Kwenye ofisi ya kijiji kimoja Mzee alipanda juu ya kiti akaanza kuishusha ya zamani. Kulikuwa na bibi mmoja amekuja kwa shida zake za shamba. Akasimama.

"Amefanya nini?" akauliza.

"Hajafanya kitu, bibi. Muda wake umekwisha."

"Ni mgonjwa?"

"Mzima kabisa."

"Sasa kama ni mzima na hajakosea, mbona mnamtoa?"

Mzee Ndahani akabaki juu ya kiti na picha mikononi. Mtendaji wa kijiji akaanza kueleza habari za sheria na uchaguzi, na bibi wa watu Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hakumfuata. Mzee akamkatiza. "Bibi, tunamtoa akiwa mzima ili aende nyumbani kwa miguu yake. Wako wanaotolewa kwa machela." Bibi akafikiri kidogo, akasema basi mpeni salamu. Tukaahidi kumpa. Mpaka leo sijui tungempaje.

Nilimpenda yule mzee. Nasema mapema ili mtakaposoma yanayofuata msidhani nilikuwa na kinyongo naye.

Mwaka wa kustaafu ulimfikia, akaagwa kwa soda na khanga ya mkewe. Jumatatu iliyofuata nikamkuta karakana kabla yangu. Wakubwa walikuwa wamempa mkataba wa miaka miwili. Ulipokwisha wakampa mwingine. Halafu mwingine. Sababu ilikuwa moja na kila mtu aliijua: hakuna mwingine aliyeweza kukata kioo. Kioo cha fremu kinakatwa kwa almasi, kile kikalamu chenye ncha ya kuchania. Unaichovya kwenye mafuta ya taa, unaweka rula, unavuta mara moja tu, mkono usisite na usirudie. Kioo kinalia kidogo, halafu unakivunja juu ya ukingo wa meza na kinafuata mstari. Almasi ya Mzee ilikaa mfuko wa shati, na mfuko ulikuwa na kifungo.

"Mzee, nifundishe kioo."

"Mwakani, Hadija. Kwanza kaza mkono kwenye mbao."

Kila mwaka nilimwomba, na kila mwaka ilikuwa mwakani. Mtu huyohuyo aliyewaambia watu wa vijiji vyote kwamba muda ukiisha mtu anashuka!

Yakaja mabadiliko ya pili. Picha mpya zikaletwa kwenye maboksi, na Mzee wakati huo alikuwa na mtoto wa jicho la kulia na mkono unaotetemeka. Akawa anavunja vioo. Asubuhi anavunja vitatu, mchana anavunja viwili, jioni anasema kioo cha siku hizi ni kibovu. Ofisi zilikuwa zimeshashusha picha za zamani, kwa hiyo wilaya nzima ilikaa na vile vipande vyeupe ukutani. Simu zikawa hazikatiki. Mkubwa mmoja aliniuliza kama nchi haina Rais au karakana haina fundi. Nami nilikuwa nafagia vioo vilivyovunjika.

Nikapiga moyo konde. Kulikuwa na fundi vioo sokoni Majengo, jirani yetu, nikamwendea Jumapili mbili mfululizo akanifundisha nyuma ya duka lake. Nilinunua almasi yangu. Siku Mzee alipokwenda hospitali kwa ajili ya jicho, nikajifungia nikakata. Aliporudi mchana alikuta vioo kumi na viwili vimesimama ukutani, vizima.

Akapitisha kidole ukingoni mwa kimoja. "Nani kakata?"

"Mimi, mzee."

"Umejifunza wapi?"

"Majengo."

"Si ungeniomba tu."

"Nimekuomba miaka kumi na tano."

Akakaa kwenye kigogo chake cha kurandia. Halafu akafungua kifungo cha mfuko, akatoa almasi yake, akaiweka mezani. "Umenistaafisha, Hadija," akasema, akachukua kofia yake akaondoka. Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Nilitaka kumfuata Mvumi nikamwombe radhi. Nikasema nitakwenda tukimaliza kutundika. Tukamaliza, nikasema nitakwenda baada ya mvua. Alifariki kabla sijaenda, nikafika kwake kwa mara ya kwanza siku ya mazishi, nimebeba mchele. Hilo linaniuma, na sitaki kulipamba. Almasi yangu ya Majengo nikaitupa stoo, nikaanza kutumia ya kwake. Niliiweka mfukoni kwa kumkumbuka, ndivyo nilivyojiambia.

Sasa kosa langu la ukutani, maana hili la skrubu mmelisikia nusunusu na kila mtu analiongezea chumvi. Ilikuwa kwenye ukumbi mmoja mpya upande wa Chamwino. Msimamizi wake tulimwita Bwana Daima, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Alitaka picha kubwa, mara mbili ya saizi yetu, fremu ya mninga, ifungwe kwa skrubu nne na fisha zake za plastiki za kushikia ukutani, na pembeni izibwe kwa saruji nyeupe isipitishe vumbi. Nikamweleza masharti ya karakana. Akacheka.

"Mama Hadija, mtu akifanya kazi vizuri, mnamwondoa kwa sababu ya kalenda? Waongeze tu huo muda. Huyu daima yuko nasi."

Dereva wetu Chisomo, ambaye hakujua kukaa kimya, akamjibu kutoka mlangoni. "Mwenyewe umemsikia akisema anataka kuongezewa?"

"Hajasema, lakini..."

"Basi unamsemea wewe, bosi. Yeye aliapa kwa Katiba, wewe umeapa kwa skrubu."

Watu wakacheka, Bwana Daima akanuna, na mimi nikachukua drili. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilimwona Mzee Ndahani mbele yangu akishika msumari wa sabuni, na bado nikatoboa tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilikuwa nimechoka na sikutaka maneno, na Makutupora walikuwa wananisubiri wana fremu za kurekebisha. Uchovu ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine ya kuwapa. Mambo mengi mabaya ya ofisini niliyoyaona yalifanywa na watu waliotaka kuwahi kurudi nyumbani.

Muda ulipofika, yakiwa mabadiliko ya tatu, mwenye picha akaondoka siku ileile iliyotajwa na sheria, akakabidhi, akaenda zake nyumbani. Hakuomba hata wiki moja. Aliyepata taabu ni Bwana Daima, na aliyepata taabu zaidi ni mimi. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja Chamwino baada ya siku tatu. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Tulipoivuta fremu, saruji ikaja na plasta, plasta ikaja na kipande cha tofali. Pakabaki shimo la kuingiza ndoo, na kuzunguka shimo ule weupe mkubwa wa mraba, ambao picha mpya ya saizi ya kawaida ilipotea katikati yake.

"Nani aliyepiga skrubu hizi?" akauliza Bwana Daima, mbele ya watu.

"Mimi," nikasema. Chisomo alifungua mdomo, nikamkata jicho akaufunga.

Tukaziba kwa plasta usiku na mchana, haikukauka, tukaning'iniza pazia, picha tukaitundika juu ya pazia. Mgeni alipoingia akatazama, akauliza kwa upole, "Hapa palikuwa na dirisha?" Nikamwambia hapana mheshimiwa, palikuwa na picha. Akatikisa kichwa akaendelea na ratiba. Rangi ya pale haijawahi kufanana na ukuta mwingine mpaka leo. Nikipita Chamwino huwa siingii.

Mabadiliko ya nne mnayajua, mlikuwepo. Yule hatukumshusha kwa kuhesabu miaka. Alifariki akiwa kazini. Neema, wewe ndiye uliyenishikia kiti, na nililia juu yake mpaka picha ikaloa. Nakumbuka nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia tunafanyaje, na nikakuta jibu lilishaandikwa zamani, nani anaapishwa na kwa muda gani. Sisi tukapaka sabuni msumari tukaendelea. Sikuwahi kushukuru karatasi kama siku hiyo.

Ndipo ikaja zamu yangu mwenyewe.

Barua ya kustaafu niliipokea vizuri tu. Nilikuwa nimechoka kweli, mchoko wa mifupa. Kisha mkuu wetu wa utawala, yule binti mpole, akaniita. "Shikamoo mama. Kaa, mama. Tumezungumza, tunaona tukupe mkataba wa miaka miwili. Bila wewe karakana haiendi. Hakuna mwingine anayekata kioo." Mnajua nilivyofurahi? Nawaambia ukweli, tangu niolewe sikufurahi hivyo. Bila wewe haiendi. Nilitembea mpaka karakana magoti hayaumi. Fomu nikaikunja nikaiweka kwenye pochi, nikakupita wewe Neema mlangoni nikiimba.

Ulikuwa unapanga mbao. Ulijua, kwa sababu pale ofisini hakuna siri. Ukasema, "Hongera, mama." Halafu ukasema, bila kuinua kichwa, "Mimi huu ni mwaka wa tisa hapa, mama. Kioo nitafundishwa lini?"

Na mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Mwakani."

Sijui kama uliona nilivyokaa chini. Nilikaa kwenye kigogo kilekile. Nikashika mfuko wa gauni langu la kazi, lile nililolishonea mfuko mimi mwenyewe, na mfuko ulikuwa na kifungo. Nilikuwa nimekishona lini? Miaka yote ile nilijiambia nabeba almasi ya Mzee kwa kumkumbuka. Nilikuwa nimeibeba kwa sababu aliyoibebea yeye.

Fomu nilikaa nayo siku tatu nyumbani. Msidhani ilikuwa rahisi, nikawa shujaa asubuhi moja. Niliiweka juu ya kabati, nikaishusha, nikaijaza jina, nikaiacha. Nyumbani kwangu baada ya saa nne asubuhi hakuna mtu. Nilijua nitakaa na redio na kuku wanne. Nilijisemea miaka miwili tu, nitamfundisha Neema polepole, yeye bado ana muda. Halafu nikakumbuka kwamba Mzee naye aliupata ule mkataba wa kwanza kwa miaka miwili tu. Siku ya nne nikairudisha bila saini. Yule binti akauliza, "Sasa mama, kioo atakata nani?" Nikamwambia nina wiki sita.

Wiki hizo sita, Neema, sikuwa mwalimu mzuri. Nilikupokonya almasi mkononi mara nyingi kuliko nilivyokupa. Ulivunja vioo, ukajikata kidole gumba, ukanijibu vibaya siku moja na ulikuwa na haki. Ulikuwa unasita katikati ya mstari, nami nilikuwa nakuona unasita, na kuna kitu kibaya ndani yangu kilikuwa kinafurahi. Naandika hili ili ulijue. Siku ulipokata cha kwanza kikafuata mstari mpaka mwisho, ulinitazama ukisubiri nikusifu, na mimi nikaenda nje kunawa uso.

Siku ya mwisho nilifungua kifungo, nikaiweka almasi mezani, mahali palepale ilipowekwa zamani. Soda tulikunywa, khanga mlinipa, hotuba niliisahau.

Wiki iliyopita nilikuja ofisini kuchukua cheti changu cha utumishi. Hukuwepo, waliniambia umekwenda Kolo na fremu. Pale mapokezi kuna kijana mpya. Akaniamkia vizuri, akanipa kitabu cha wageni, akauliza, "Shida yako, mama?" Nikaandika jina langu, na kwenye safu ya cheo sikujua niandike nini, nikapiga mstari. Akanielekeza kwenye benchi la korido, wakati lile benchi nililitengeneza mimi.

Mbele ya benchi ni ile picha uliyoitundika upya baada ya ukuta kupakwa rangi. Kioo kimekatwa vizuri, safi kabisa. Lakini picha imelala kushoto, upana wa kidole hivi. Kamba yako ni ndefu upande mmoja. Nilisimama. Mkono ulishafika kwenye fremu kabla sijauambia kitu, na kijana wa mapokezi akasema, "Mama, samahani, wageni hawaruhusiwi kugusa."

Nikaupeleka mkono mfukoni. Hamkuwa na kitu humo. Nikarudi kwenye benchi, nikakaa na wageni wengine nikaitazama ile picha ikiwa imelala hivyohivyo, mpaka nilipoitwa jina.